Yubile, maachilio na deni la kikoba

Wiki hii nimeulizwa tena. Mama mmoja kanirushia voisi ndefu, nabii wake katangaza huu ni mwaka wa yubile, atoe sadaka ya yubile halafu deni la kikoba asihangaike nalo maana limeshafutwa rohoni. Mama, kikoba hakikai rohoni, kinakaa chini ya mwembe na daftari na wenzako wanakusubiri.

Kwanza tutenganishe. Maachilio ya kila mwaka wa 7 ni Kumbukumbu 15, hapo ndo madeni yanaachwa. Yubile ni Walawi 25, mwaka wa 50, baragumu linapigwa Siku ya Upatanisho, na kinachorudi ni shamba la ukoo na mtu aliyejiuza kwa ufukara. Tusonge.

Kinachoniudhi ni hii yubile ya sapraizi, eti unaamka asubuhi mambo yamefutika. Someni Walawi 25 mstari wa 15 na 16 jamani! Bei ya shamba inapigwa kwa hesabu ya mavuno yaliyobaki mpaka yubile, imebaki miaka 40 unalipa hela ndefu, imebaki 3 unalipa kidogo, yaani ardhi yenyewe ulikuwa hununui, ulikuwa unanunua mavuno, na wote mnajua tangu siku ya kwanza shamba linarudi lini. Hakuna aliyedhulumiwa. Na nyumba ndani ya mji wenye ukuta, mwaka ukipita hujaikomboa, imeenda hiyo, yubile haiigusi. Hili kwenye mkesha hulisikii.

Halafu amri ya maachilio anapewa anayedai. Kumbukumbu 15 mstari wa 9 unamkemea mwenye nacho anayebana mkono kwa vile mwaka wa 7 u karibu. Mdaiwa kujitangazia mwenyewe, sijauona huo mstari. Nehemia sura ya 5 aliwabana wakuu mpaka wakarudisha mashamba na riba, wala hakuwauzia maskini mafuta ya upako.

Yesu kule Nazareti anasoma Isaya 61, wafungwa kutangaziwa kufunguliwa, na neno la Kigiriki la huko kufunguliwa pale Luka 4, aphesis, ndilo lililotafsiri maachilio na uhuru wa yubile kwenye Agano la Kale la Kigiriki, na ndilo Luka anatumia kwa ondoleo la dhambi. Kwa hiyo wanaosema ni mambo ya kiroho tu nao wananichosha. Kila Jumapili tunasema "utusamehe deni zetu", Jumatatu tunaenda kubeba kochi la mtu.

Ila nikiri, Kumbukumbu 15:3 mgeni anaendelea kudaiwa, na Walawi 25:46 mtumwa mgeni haachiwi. Mwanafunzi akinibana hapo naanza kutafuta chaki. Na Biblia haisimulii popote yubile ikiadhimishwa, Yeremia 34 watumwa wanaachiwa, kidogo tu wanakamatwa tena.

Mama nilimwambia akae na wenzake wampangie marejesho upya. Akasema sawa mchungaji, na ile sadaka ya yubile, nayo inarudi?