Je, wajua kwa nini deraya ya namba 4 inaishinda ya namba 8?

Ukianza kucheza Baldur's Gate, gemu iliyotoka mwaka 1998, unapewa vijisenti na kuachwa uzunguke ndani ya ngome yenye maktaba iitwayo Candlekeep. Mwenye nyumba ya wageni pale ana duka. Mpiganaji wangu alikuwa mgeni kabisa, hana hata ngao, nikampeleka kumtafutia vazi la vita. Deraya ya ngozi iliandikwa 8. Deraya ya vibamba vya chuma iliandikwa 4, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Nikaona muuzaji ananifanya mshamba. Nikachukua ngozi, nikabaki na chenji, nikatoka getini nikijipongeza.

Mbwa mwitu mmoja alinimaliza. Nikaanza upya, akanimaliza tena. Mara ya tatu nilikimbia, naye akakimbia vizuri zaidi.

Ilinichukua jioni nzima kugundua kwamba namba ziko kinyume. Katika gemu hizi za zamani 4 ni bora kuliko 8, 0 ni bora kuliko 4, na hasi 5 ni bora kuliko zote hizo. Hapo ningemuuliza anayejua. Badala yake nilijitungia sababu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba prosesa hulinganisha namba na sifuri kwa wepesi kuliko inavyolinganisha namba mbili za kawaida, basi nikahitimisha: kompyuta za zamani zilikuwa dhaifu, watengenezaji walibana kila kitu, wakaupanga ulinzi ushuke kuelekea sifuri ili mashine ipumue. Maelezo haya niliwapa watu kwa miaka kadhaa, kwa sauti ya fundi. Hakuna aliyenibishia, maana yana harufu ya ukweli.

Ni uongo mtupu, na kwa kuwa niliusambaza mwenyewe, acha niubomoe kwa nafasi.

Anza na tarehe. Mpangilio huu wa namba ulichapishwa mwaka 1974 katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi, penseli na dadu, ulioandikwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Mezani pale hapakuwa na prosesa ya kuhurumiwa. Mwaka 1988 kampuni ya SSI ikatoa Pool of Radiance, iliyochezwa hata kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani ya Commodore 64, na namba zikashuka vilevile. Miaka 10 baadaye BioWare wakaja na Baldur's Gate kwa ajili ya mashine za Pentium, namba zikaendelea kushuka. Kama udhaifu wa mashine ndio ungekuwa sababu, mashine zilipopata nguvu kitu kingebadilika. Hakikubadilika kitu, kwa sababu gemu zote hizo zilikuwa zinatumia kanuni za mezani kwa leseni.

Halafu tazama gemu mbili za Icewind Dale. Ya kwanza ilitoka mwaka 2000, ya pili mwaka 2002, na zote mbili zimejengwa juu ya injini ya programu ileile ya Baldur's Gate. Katika ya kwanza, deraya bora ina namba ndogo. Katika ya pili, deraya bora ina namba kubwa. Injini moja, miaka miwili kati yake, na namba zimegeuzwa kichwa chini miguu juu bila mashine kulalamika. Siku niliyoligundua hili nilikumbuka nyuso za watu wote niliowahi kuwafundisha nadharia yangu ya sifuri.

Na hata kama hayo mawili yasingekuwepo, fikiria gharama yenyewe. Skrini ya Baldur's Gate ilikuwa ya nukta 640 kwa 480, yaani nukta 307,200 zinazochorwa na kuchorwa upya bila kupumzika. Pigo moja la upanga linahitaji kutoa namba moja kwa nyingine, mara moja. Ni sawa na kusema basi la abiria lilichelewa kufika kwa sababu dereva alikohoa.

Sasa ilitoka wapi? Arneson, kabla ya yote haya, alikuwa mpenzi wa michezo ya vita vya majini, na alisimulia kwamba wazo la kuyapanga mavazi ya vita kwa madaraja alilitoa kwenye kanuni alizotumia kwa meli za chuma za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Tuichukue kwa tahadhari: ni kumbukumbu za mzee aliyezisimulia miaka mingi baada ya tukio. Kutoka hapo wengi huongeza hatua moja, kwamba namba ndogo ni bora kwa sababu meli hupangwa kwa daraja la kwanza, la pili, la tatu. Hatua hiyo ni tafsiri, ingawa ina mantiki. Jeshi la majini la Uingereza liliwahi kuita manowari zake kubwa kabisa, zile za mizinga 100 na zaidi, meli za daraja la kwanza.

Ila hata ukiziacha meli, jibu limekaa kwenye jina lenyewe. Herufi AC unazoziona kwenye skrini maana yake ni daraja la deraya. Daraja, yaani kundi. Haikuwa kipimo cha wingi wa ulinzi.

Mtu aliyepanda treni ya daraja la tatu anaelewa tofauti hii bila kufundishwa. Namba 3 kwenye tiketi haikuambii kwamba una kitu mara tatu ya mwenzako wa daraja la kwanza. Inakuambia ukae wapi, basi. Na mimi niliyesoma Tanzania sina kisingizio kabisa, kwa sababu matokeo ya kidato cha nne yamenilea kwenye mantiki hiihii: alama A ni pointi 1, yanahesabiwa masomo 7, kwa hiyo aliyeng'ara ana divisheni wani ya pointi 7, na kadiri pointi zinavyopanda ndivyo nyumbani kunavyokuwa kimya. Mganda mwenye jumla ya 4 katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi ananielewa. Mkenya, ambaye A yake ni pointi 12, ndiye mwenye haki ya kununua deraya ya ngozi.

Katika kanuni za mwaka 1974 madaraja yalikuwa manane tu. Asiye na kitu alikuwa daraja la 9, mwenye ngao pekee la 8, mwenye ngozi la 7, na ikaendelea hivyo hadi mwenye vazi la chuma kamili pamoja na ngao, daraja la 2. Mchezaji hakufanya hesabu yoyote. Alirusha dadu yenye nyuso 20, akaangalia jedwali: mpiganaji mchanga dhidi ya daraja la 9 anahitaji 10 au zaidi, dhidi ya daraja la 2 anahitaji 17. Kwa jedwali, namba za madaraja zingeweza kuwa majina ya samaki na mchezo ungeenda vilevile.

Tatizo lilianza pale daraja lilipofanywa kuwa hesabu. Wachezaji walitaka ngao za kichawi, pete za ulinzi, na deraya zilizofuliwa na mabingwa wa chini ya milima. Sasa kama daraja la kwanza limeshafikiwa, anayeongezewa uchawi juu yake anakaa behewa gani? Daraja la sifuri. Na baada ya hapo, daraja la hasi moja. Majedwali ya mwaka 1979 tayari yalikuwa yanatoka daraja la 10 hadi hasi 10, asiye na kitu sasa akiwa wa 10 na mwenye ngozi wa 8. Hakuna shirika la reli lililowahi kuuza tiketi ya namna hiyo.

Ili kuepuka kubeba majedwali, toleo la pili la AD&D (yaani Advanced Dungeons & Dragons, ile iliyopanuliwa) la mwaka 1989 liliweka katikati ya kanuni zake namba iitwayo THAC0. Hutamkwa "thako", na kwa wasomaji wa Kiswahili ninasihi sana h isidondoke. Ni namba unayohitaji kwenye dadu ili umpate adui mwenye daraja la 0. Ukitaka kumpiga mwingine yeyote, unatoa daraja lake kwenye THAC0 yako.

Watu hukwama hapa, nami nilikwama, hadi nilipoiwaza kama soko. THAC0 ni bei kamili ya kukupiga. Daraja la deraya yako ni punguzo unalompa adui. Dadu ni pesa alizotoka nazo mfukoni asubuhi hiyo. Chukua adui mwenye THAC0 ya 20. Umevaa ngozi ya 8: umempunguzia 8, atalipa 12 tu, na nyuso 9 kati ya 20 za dadu zinamtosha. Umevaa vibamba vya 4: atalipa 16, na nyuso zinazomtosha ni 5. Yaani kwa kubana matumizi pale dukani, nilijiuza kwa bei ambayo mbwa mwitu aliimudu karibu mara mbili zaidi. (Wepesi wa mhusika nao huigusa hesabu hii, kwa hiyo usiishike kama msahafu.)

Ukifika daraja la 0, hakuna punguzo, bei kamili. Ukishuka hadi hasi 3, unamtoza adui ushuru juu ya bei: 23, na dadu haina 23. Hapo anabaki na tumaini moja, kwamba 20 yenyewe ikidondoka hupiga daima, kama vile 1 hukosa daima. Na mpiganaji akipanda ngazi, THAC0 yake hushuka kwa 1 kila ngazi, mithili ya mteja wa siku nyingi anayeuziwa kwa bei ya nyumbani. Akifika ngazi ya 7 ana 14, na deraya yako ya 4 sasa anaipata kwa 10.

Ukishalishika soko hili, hesabu haina shida. Shida ni jirani zake. Ngao ya +1 inaishusha namba yako kwa moja zaidi, kwa hiyo ile alama ya kujumlisha inatoa, na kutoa huko ni kuzuri. Uhai ukipanda ni vizuri. Namba ya kujinasua na sumu ikishuka ni vizuri. Nguvu za mwili bora kabisa za mpiganaji wa kibinadamu huandikwa 18/00, na hiyo 00 husomwa mia. Mwenye 18/01 ndiye mnyonge wao. Hapa sina utetezi wa kuwapa waandishi wa kanuni, ila nakiri napenda sana kwamba kitu hiki kilichapishwa, kikanunuliwa na kikachezwa na watu wazima.

Wachezaji wa mwaka 1998 hawakuwa na akili kutuzidi. Walikuwa na kitabu. Baldur's Gate iliuzwa ndani ya boksi lenye mwongozo mnene wa karatasi, na watu waliusoma wakisubiri mashine imalize kunakili diski, maana gemu ilikuja kwa diski kadhaa. Leo unapakua, unabonyeza, unaingia, na ule mwongozo ni faili lililolala kwenye folda ambayo hutaifungua. Nusu ya gemu iko humo.

Kanuni zenyewe ziligeuzwa mwaka 2000, toleo la tatu la Dungeons & Dragons lilipotoka: deraya bora, namba kubwa, na mshambuliaji anajumlisha badala ya kutoa. Ndiyo maana Icewind Dale ya pili ni tofauti na ya kwanza, na ndiyo maana mtu aliyeanzia Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, akiamua kurudi nyuma kuona hadithi ilipoanzia, anafika dukani Candlekeep na kufanya nilichofanya mimi. Tanzania nayo iliwahi kuonja mgeuzo wa aina hii, matokeo ya kidato cha nne yalipotolewa kwa GPA mwaka 2015, kubwa ikawa ndiyo nzuri, kabla ya divisheni kurudishwa. Kwa muda mfupi wazazi walilazimika kuuliza kwanza kabla ya kupongeza.

Kama unatoka kwenye gemu mpya, njia ya mkato ni moja: 20 toa namba ya zamani. Vibamba vya 4 ni 16 ya leo. Ngozi ya 8 ni 12. Hasi 5 ni 25, namba ambayo mchezaji yeyote wa sasa akiiona anakaa sawa kwenye kiti. THAC0 ya 14 inakuwa nyongeza ya 6 kwenye dadu. Na yule aliyesimama na nguo zake za kawaida, hana deraya wala ngao, ana 10 upande huu na 10 upande ule.