Mali ikibaki kwa jina lako, bado hujaweka amana

Tangu Kenya irekebishe sheria ya wadhamini mwaka 2021, swali ninaloulizwa sana ofisini hapa Mombasa ni hili: "Wakili, hii amana ya familia ni bei gani?" Watu wamesikia kwamba ukiweka mali kwenye amana (trust), yaani ukiikabidhi kwa wadhamini (trustees) waishike kwa faida ya familia, watoto hawatahangaika mahakamani ukifa. Ni kweli, ila kuna sharti ambalo wengi hulisikia kwa mara ya kwanza wakishaketi mbele yangu. Mali hiyo lazima iwe imetoka kwenye jina lako ukiwa hai.

Tuangalie kwanza kile tunachokikimbia. Mtu akifariki, mali iliyo kwa jina lake haiguswi mpaka mahakama itoe kibali cha kuisimamia, hata kama ameacha wosia. Asipoacha wosia, familia inaanzia kwa chifu kuchukua barua inayowataja warithi. Ombi likishapelekwa mahakamani, tangazo hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Kibali kikitoka, kwa kawaida inasubiriwa miezi 6 kabla hakijathibitishwa ndipo mali igawanywe. Hapo ni kama hakuna ugomvi. Anayejitwalia mali ya marehemu kabla ya kibali, pamoja na kujichukulia kodi ya nyumba, anaingia kwenye kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, na adhabu yake inafika kifungo cha mwaka mmoja. Wakati huohuo karo inadaiwa na wapangaji hawajui wamlipe nani.

Amana inaiepuka safari hiyo kwa sababu mali iliyomo si ya marehemu tena. Umeikabidhi kwa wadhamini, nao wanaishika kwa faida ya wale uliowataja, kwa masharti uliyoyaandika kwenye hati. Wadhamini wakiandikishwa chini ya Sura ya 164 ya Sheria za Kenya, ndiyo sheria hiyo ya wadhamini, wanakuwa chombo chenye jina lake, chenye uwezo wa kumiliki ardhi, kushtaki na kushtakiwa. Mdhamini mmoja akifa anateuliwa mwingine, na hati miliki inabaki vilevile. Marekebisho ya 2021 yaliitaja amana ya familia waziwazi: waweza kuianzisha ukiwa hai au kupitia wosia (ingawa ya wosia bado inasubiri kibali cha mahakama), na wanufaika wanaweza kuwa hata wajukuu ambao hawajazaliwa. Kazi yake ni kutunza na kukuza mali ya vizazi, si kufanya biashara.

Nani hasa anaihitaji? Kwa maoni yangu, si kila mwenye ploti. Mtu mwenye nyumba moja na watoto wazima wanaoelewana anatoshwa na wosia ulioandikwa vizuri. Lakini chukulia mama mjane wa Kisauni mwenye nyumba za kupangisha na watoto watatu, na kitindamimba ni binti mwenye ulemavu wa akili. Mali ikigawanywa sawa kwa sawa, binti atapata fungu lake, ila hawezi kulisimamia wala kumdai mpangaji. Litaishia mikononi mwa ndugu zake.

"Mwanangu, hawa ndugu zake wanampenda," mama ataniambia.

Najua wanampenda, na sina shaka nao leo. Ninachokiangalia ni miaka 20 ijayo, wakiwa na madeni yao na watoto wao wa kusomesha, na pengine mmoja wao ametangulia mbele ya haki. Kwa hiyo hati ya amana ya mama huyu inapanga kodi itumikeje kila mwezi. Kwanza ada za kaunti na ukarabati. Pili mshahara wa anayemlea binti, dawa zake na bima yake. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Nyumba anayolala binti haiuzwi wala haiwekwi rehani maadamu yu hai. Kila mwaka wadhamini wanatoa hesabu kwa maandishi, na angalau mdhamini mmoja ni mtu asiyefaidika na senti ya mali hiyo. Sharti hilo la mwisho silegezi, kwa sababu ndugu wakiwa wadhamini peke yao, wanaotoa hesabu na wanaoikagua ni walewale.

Sasa ndipo pagumu. Mama anasaini hati ya amana na kuifungia kabatini, lakini hati miliki za nyumba zinaendelea kubeba jina lake. Akifa hivyo, nyumba zile zitaangukia kwenye mirathi, na familia inarudi kwa chifu kama kawaida. Nimekutana na mafaili ya namna hiyo, na yanauma, maana marehemu alikwenda akiamini amewalinda wanawe. Kila hati miliki inatakiwa ihamishwe. Shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na nyumba ya ndoa haitolewi bila ridhaa ya maandishi ya mume au mke. Fungua akaunti ya benki kwa jina la amana, kodi iingie humo na si kwenye simu ya kifungua mimba. Kuhusu ushuru wa stempu na misamaha yake, uliza mwaka uleule unaohamisha, kwa sababu sheria za fedha hubadilika mara kwa mara.

Kuna kazi nisiyoikubali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali ya amana si sehemu ya mali ya ndoa. Wapo wanaume wanaokisoma kifungu hicho kisha wanakuja wakitaka kila kitu kihamishwe kabla mke hajajua. Huo ni unyang'anyi uliovikwa karatasi. Mahakama inaweza kuuchunguza, na mke aliyechangia mali ana haki ya kudai. Hata mtoto uliyempendelea kwa kumwekea mali mapema, usipoacha wosia, kifungu cha 42 cha Sheria ya Urithi kinataka mali hiyo ihesabiwe wakati wa kukadiria fungu lake.

Kwa wateja wangu Waislamu, mirathi inafuata sharia, na wosia hauvuki theluthi ya mali wala hauendi kwa mrithi bila ridhaa ya warithi wengine. Mali unayoitoa ukiwa hai na mzima haifungwi na theluthi hiyo, lakini iwe imetolewa na kupokewa kweli. Ukitoa ukiwa katika ugonjwa wa mauti, inahesabiwa kama wosia. Pwani tuna njia ya siku nyingi zaidi, wakfu wa familia, yaani mali inayofungwa isiuzwe na faida yake tu ndiyo itumike, ambao sheria ya Kenya imeukubali wazi tangu 1951, mradi mwisho wa yote faida iende kwa maskini au jambo la kheri la kudumu. Kwa nyumba ya ukoo ambayo hamtaki iuzwe kamwe, mara nyingi huo ndio ninaoupendekeza, na kabla ya kuuandika tunakwenda pamoja kwa kadhi.

Ukiamua kumwona wakili, beba nakala za hati miliki zote, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, na wale wa nje ya ndoa pia, pamoja na orodha ya madeni yako. Na kama una mume au mke, njooni wote wawili.