Kwa nini dola 7.25 haijasogea: maelezo kwa wapiga kura wapya wa Iowa

Kila aliyejiandaa kwa usaili wa uraia amekariri kwamba maseneta wa Marekani ni 100. Wachache wamewahi kuuliza namba hiyo inawafanyia nini. Tangu kampeni ya kuandikisha wapiga kura ianze, simu zinazoingia kwenye dawati letu la Kiswahili katika ofisi ya uchaguzi zimegeuka. Zamani watu waliuliza kituo kiko wapi. Sasa wanauliza: "Tulipiga kura mwaka 2020, tukaambiwa kima cha chini cha mshahara kitakuwa dola 15 kwa saa. Mbona mwanangu anayeosha vyombo bado yuko pale pale?" Wengine hawaulizi, wanahukumu: kura zimeibiwa, hakuna haja ya kurudi tena.

Hili la wizi tulimalize mapema. Kura zenu zilihesabiwa. Kilichotokea baada ya kuhesabiwa ndicho ambacho watu hawaelezwi, nami nimeombwa nikieleze. Ofisi ya uchaguzi haina chama wala mgombea, na makala haya hayasemi kima cha chini kipandishwe au kibaki. Yanafuata safari ya dola 7.25 kwa saa, kima cha chini cha taifa, kwa sababu ndiyo mnayoipigia simu. Najua wengi wenu mlioko kwenye viwanda vya nyama mnalipwa zaidi ya hapo. Ila sheria ni ileile, na vikwazo vinavyoizuia ndivyo vinavyozuia karibu kila jambo ambalo wapenda mageuzi wa nchi hii wamelidai kwa miaka mingi.

Kima cha chini cha taifa kilianza mwaka 1938 kwa senti 25 kwa saa. Kabla ya hapo kizuizi kilikuwa mahakama. Mwaka 1923 Mahakama ya Juu ilifuta kima cha chini cha wanawake katika mji mkuu, Washington, kwa hoja kwamba kiliingilia uhuru wa mtu kupatana na mwajiri wake. Mlango haukufunguka mpaka 1937, katika kesi ya Elsie Parrish, mwanamke aliyesafisha vyumba vya hoteli katika mji wa Wenatchee, jimbo la Washington. Sheria ya jimbo lake ilitaka alipwe dola 14.50 kwa wiki ya saa 48. Alilipwa pungufu, akadai dola 216.19 alizopunjwa. Alishinda kwa majaji 5 dhidi ya 4. Jaji mmoja tu angeegemea upande mwingine, angeshindwa. Majaji hao ni tisa hadi leo, hawapigiwi kura na mtu, na hukaa kwenye kiti mpaka wafe au wastaafu kwa hiari yao. Kwa hiyo mnapomchagua rais na maseneta mnachagua pia, bila kuona majina yao kwenye karatasi, watu watakaoamua mambo ya wajukuu wenu.

Dola 7.25 ilianza kutumika tarehe 24 Julai 2009. Haipandi yenyewe. Sheria haikuifungamanisha na bei ya unga wala kodi ya nyumba, kwa hiyo kila nyongeza ni sheria mpya inayopaswa kupitia Baraza la Wawakilishi, kisha Seneti, kisha sahihi ya rais. Iowa nayo imekaa kwenye 7.25 hiyohiyo.

Mwezi Julai 2019 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kufikia dola 15 kwa kura 231 dhidi ya 199. Seneti haikuupigia kura kabisa. Haikuukataa, iliuacha tu, kwa sababu anayepanga ratiba ya Seneti ni kiongozi wa chama chenye viti vingi, na hakuna kifungu kinachomlazimisha kupokea kila kinachotoka ng'ambo ya pili ya jengo.

Hapa ndipo namba 100 inapoanza kufanya kazi. Kila jimbo lina maseneta wawili, liwe kubwa au dogo. Katika sensa ya 2020 Wyoming ilikuwa na watu 576,851, na California 39,538,223. Wote wawili-wawili. Watu wakisikia hivyo huniambia, basi ibadilishwe. Ibadilishwe na nani? Kuongeza kifungu kwenye Katiba kunahitaji theluthi mbili ya kila baraza na majimbo 38 kati ya 50, kwa hiyo majimbo 13 yakikataa, mambo yamekwisha. Zaidi ya hapo, kifungu cha tano cha Katiba kinasema hakuna jimbo litakalonyimwa usawa wake katika Seneti bila ridhaa yake lenyewe. Watanzania wataikumbuka hali inayofanana na hiyo kwao, ambako kuna mambo ya Katiba yasiyobadilishwa bila theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar. Mdogo analindwa dhidi ya mkubwa. Ni mapatano ya mwaka 1787, na bila hayo huenda nchi hii isingeungana. Gharama yake ni kwamba wengi wa watu si lazima wawe wengi wa viti.

Tuseme basi viti vimepatikana, 51 kati ya 100. Simu nyingi huishia hapo: "Walikuwa na wingi, wakatusaliti." Wingi wa nini? Seneti ina desturi iitwayo filibasta, ambayo haimo kwenye Katiba. Maana yake ni kwamba mjadala hauna mwisho mpaka maseneta wenyewe wakubali uishe, na kukubali huko kunahitaji kura 60. Utaratibu wake ni huu: hoja ya kufunga mjadala inasainiwa na maseneta wasiopungua 16, inawekwa mezani, inapita siku moja katikati, ndipo inapigiwa kura. Ikipata 60, bado zinaweza kutumika hadi saa 30 nyingine kabla ya kura yenyewe, na hiyo sasa inahitaji wingi wa kawaida tu. Hadi mwaka 1917 hapakuwa na njia yoyote ya kuufunga mjadala. Kuanzia hapo ilihitajika theluthi mbili, na mwaka 1975 ikashushwa kuwa 60. Wengi wanadhani lazima mtu asimame aongee usiku kucha, kama Strom Thurmond aliyezungumza saa 24 na dakika 18 mwaka 1957 kuipinga sheria ya haki za kiraia. Siku hizi hakuna haja ya kukauka koo. Inatosha kujulikana kwamba 60 hazipo, na muswada hautaletwa.

Uko mlango wa nyuma. Mambo ya bajeti yana njia yao tangu 1974, ambayo haizuiwi na filibasta na hupita kwa kura 51. Mwanzoni mwa 2021 dola 15 iliingizwa ndani ya mpango mkubwa wa msaada wa korona ili ipite kwa njia hiyo. Tarehe 25 Februari mshauri wa kanuni za Seneti, Elizabeth MacDonough, alisema kima cha chini hakiingii, kwa sababu njia hiyo ni ya mapato na matumizi ya serikali. Huyu naye hakuchaguliwa na mtu. Seneta Bernie Sanders akalipeleka jambo ukumbini hata hivyo tarehe 5 Machi. Likapata kura 42, zikalikataa 58. Maana yake, hata maseneta wanane wa upande wa Rais Biden walisema hapana. Sisemi walikosea. Nasema mtu aliyekuja ofisini kwetu akiapa kwamba "chama kizima kilitaka, jamaa mmoja tu akazuia" hakusoma matokeo, na matokeo ya kila kura ya Seneti yako kwenye intaneti bure, kwa majina.

Mzee mmoja alinisikiliza haya yote kwenye kaunta, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, rais si atie sahihi tu?" Namwelewa. Aliyekulia Uvira, Kongo, akaishi miaka kumi na mitano katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, amezoea kwamba mkubwa akisema, limekuwa. Hapa rais huweza kuagiza serikali yake, si nchi nzima. Aprili 2021 Joe Biden aliagiza kampuni zenye mikataba na serikali kuu zilipe dola 15, na agizo likaanza kutumika mwisho wa Januari 2022. Machi 2025 Donald Trump alilifuta. Lililoandikwa kwa kalamu moja limefutwa kwa kalamu nyingine, na Bunge halikuulizwa mara zote mbili. Na rais akivuka mpaka wake, mahakama ipo: Juni 2023 Mahakama ya Juu iliuzuia kwa kura 6 dhidi ya 3 mpango wa kufuta sehemu ya mikopo ya wanafunzi, ikisema Bunge halikumpa rais uwezo huo.

Mtaniambia milango hii inawazuia wote, wa kulia na wa kushoto. Ni kweli, na ofisi yangu ingependa niishie hapo. Mwaka 2017 waliotaka kuifuta sheria ya bima ya afya ya 2010 walikuwa na Ikulu na mabaraza yote mawili, wakaangushwa Seneti kwa kura 49 dhidi ya 51. Lakini usawa huo si kamili. Anayetaka kuanzisha jambo lazima ashinde kila mlango, tena ndani ya miaka miwili kabla ya uchaguzi mwingine kuvuruga hesabu. Anayetaka mambo yabaki yalivyo anahitaji mlango mmoja tu. Na kwenye mshahara, kubaki ni kushuka: dola 7.25 ya mwaka 2009 na ya leo hazinunui kapu moja.

Sasa kuna wanaosema, basi tuachane na Washington, tufanye mambo nyumbani. Hilo ni wazo zuri lenye historia chungu hapa hapa Iowa. Mwaka 2015 bodi ya wasimamizi wa Johnson County ilipitisha kanuni ya kupandisha kima cha chini kwa hatua: dola 8.20 Novemba mwaka huo, 9.15 Mei 2016, na 10.10 Januari 2017. Kaunti nyingine zikaanza kuiga. Tarehe 30 Machi 2017 gavana alitia sahihi sheria ya bunge la jimbo inayokataza kaunti na miji kuweka kima kilicho juu ya cha jimbo, na kanuni hizo zote zikafa siku hiyo. Baadhi ya wenye maduka waliendelea kulipa kwa hiari, na walistahili pongezi, ila hiari si sheria. Kaunti ni mtoto wa jimbo. Bunge la jimbo kule Des Moines likisema hapana, hapana rufaa mtaani.

Majirani zetu Missouri na Nebraska wana chombo ambacho Iowa haina: wananchi wanaweza kukusanya sahihi na kupeleka sheria moja kwa moja kwenye karatasi ya kura. Msinipigie simu kuuliza fomu ya kukusanya sahihi hizo. Hatuna, kwa sababu sheria ya Iowa haina njia hiyo. Na hata penye njia, msidhani kura ikishinda kazi imekwisha. Novemba 2024 wapiga kura wa Missouri walipitisha dola 15 pamoja na likizo ya ugonjwa yenye malipo. Mwaka uliofuata bunge la jimbo liliifuta likizo hiyo na kuondoa nyongeza ya kila mwaka inayofuata bei. Liliweza kwa kuwa ile ilikuwa sheria ya kawaida, haikuingizwa kwenye katiba ya jimbo.

Kwa hiyo wanaonihuzunisha zaidi ni wanaomchagua rais na kuiacha tupu karatasi iliyobaki. Mwakilishi na seneta wa bunge la jimbo, watu waliozifuta zile 10.10, wako chini kwenye karatasi hiyohiyo.

Kuhusu taratibu, ambazo huulizwa kila siku. Aliyehama lazima abadilishe anwani ya usajili, hata kama kahamia ghorofa ya juu ya jengo lilelile. Usajili wa mapema hufungwa siku 15 kabla ya uchaguzi mkuu. Aliyechelewa anaweza kujiandikisha kituoni siku ya kura akiwa na kitambulisho na uthibitisho wa makazi. Kura ya posta lazima iwe imefika mikononi mwetu kabla vituo havijafungwa. Kuitia posta siku hiyo hakutoshi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, mkimbizi, au anayesubiri kuapa HARUHUSIWI kupiga kura. Narudia kwa sababu kila msimu kuna anayeambiwa na rafiki kwamba leseni ya udereva inatosha. Asiye raia akipiga kura katika uchaguzi wa taifa, adhabu ni faini au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Akidanganya kuwa raia ili ajiandikishe, kifungo hufika miaka mitano. Baada ya hapo huja kesi ya kurudishwa alikotoka, na "sikujua" mara nyingi haimwokoi. Ukiletewa fomu huielewi, usisaini.

Karatasi ya kura haichapishwi kwa Kiswahili. Sheria ya taifa inakuruhusu kuingia na msaidizi umtakaye, mtoto wako au jirani, ila asiwe mwajiri wako, mtu wa mwajiri wako, wala mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi. Kwenye tangazo utaona vinafungwa saa 8 jioni kwa hesabu ya Kiingereza, ambayo kwetu ni saa mbili usiku. Aliye kwenye foleni saa mbili kamili atapiga kura hata ikimchukua mpaka saa tatu. Anayefika dakika moja baadaye hatapiga, na karani wa mlangoni hana mamlaka ya kumwonea huruma.