Daftari la majaribio: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba daftari la majaribio ni la kumkumbusha yule aliyepima. Kwa kweli huandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo, na baada ya miezi sita mtu huyo huwa ni wewe mwenyewe. Nimewahi kupima oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, nikaandika "saa 4, 6.1" na kufunga daftari. Nilipolifungua tena sikujua kama nilihesabu saa yetu, yaani saa nne asubuhi, au nilinakili 4:00 ya kwenye kifaa, ambayo ni saa kumi alfajiri. Wala sikujua kama namba ile ilikuwa miligramu kwa lita. Si jambo dogo, kwa sababu mchana vijimea vya majini hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua, na usiku viumbe vyote huitumia tu, hivyo kipimo cha alfajiri kwa kawaida huwa chini ya kile cha alasiri, hata mahali ni palepale. Tangu siku hiyo naandika 10:00 au 04:00, kizio, kina na hali ya mawimbi.

Wengine hudhani kuwa jaribio lisilotoa kitu halistahili kuandikwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuchunguza furu, samaki wadogo wa ghuba hiihii. Katika miaka ya 1980 sangara, aliyepandikizwa ziwani miongo kadhaa kabla, aliongezeka mno, na furu wa aina nyingi wakatoweka. Kutoweka hakuthibitishwi kwa nafasi zilizoachwa wazi: wavu uliovutwa ukarudi mtupu ni 0, na wavu ambao haukutupwa ni mstari mfupi wenye sababu yake kando, iwe ni dhoruba au mashine iliyozimika.

Wapo pia wanaoamini kuwa daftari safi ni dalili ya uangalifu. Mimi hulitilia shaka. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili namba ya kwanza iendelee kusomeka, kisha hutiwa tarehe na herufi za jina. Wino mweupe wa kufutia hauna nafasi hapo.

Kwamba penseli haifai kamwe ni kanuni ya maabara tu. Kwenye boti, wino wa kalamu nyingi husambaa ukurasa ukirushiwa maji, ilhali maandishi ya penseli hubaki.

Na kompyuta, inayodhaniwa kuwa haiharibu kilichoandikwa? Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilieleza kwa nini jeni kadhaa zilibadilishiwa majina, mojawapo MARCH1, ambayo sasa ni MARCHF1: programu za majedwali zilikuwa zikiyageuza majina hayo kuwa tarehe, pasipo mwandikaji kujua.