Ibada ya kiekumene ni ya nani?

Ratiba za mazishi na za sherehe za umma hapa Nairobi huandikwa "ibada ya kiekumene", halafu wanaoitwa jukwaani ni askofu, sheikh na pandit, kiongozi wa ibada wa Wahindu. Hapo neno limekosewa. Kiekumene ni jambo la Wakristo wa madhehebu tofauti wanaotafuta umoja: Mkatoliki, Mwanglikana, Mpresbiteri, Mwothodoksi. Sheikh hana dhehebu katika umoja huo; ana dini yake, kamili.

Neno limetoka Kiyunani, oikoumene, dunia inayokaliwa na watu, na ndani yake mna oikos, nyumba. Ndilo lililomo katika Luka 2:1, Kaisari Augusto anapoamuru ulimwengu wote uandikwe, yaani himaya yake. Nadhani hapa ndipo watu wanapopotea: wakisikia "dunia nzima" wanaona na dini zote zimo. Lakini Kanisa lililichukua neno mapema likalifanya lake. Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliitwa wa kiekumene kwa kuwa ulikuwa wa Kanisa zima, na maamuzi yake yalikuwa lazima kwa Kanisa zima. Maana ya kupatanisha madhehebu ilishika kasi karne ya 20.

Na hata Wakristo wenyewe kwa wenyewe, kazi ipo. Mwaka 1913 wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri na wengineo walikutana Kikuyu, hapo nje tu ya Nairobi, kujadili shirikisho. Walimaliza kwa kushiriki meza ya Bwana, yaani Komunyo, pamoja katika kanisa la Wapresbiteri, Askofu Peel wa Mombasa akiongoza. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, akawashtaki Peel na Willis, askofu wa Uganda, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akidai ni uzushi, yaani mafundisho yanayopinga imani ya Kanisa. Suala la meza halijaisha: Wakatoliki kwa kawaida hawawapi Komunyo wasio Wakatoliki. Ndiyo sababu ibada ya kiekumene iliyopangwa vizuri huwa ya Neno: masomo, mahubiri, Baba Yetu, baraka.

Sasa mwalike sheikh kwenye ibada hiyo. Umati unasimama, unaitikia "kwa jina la Baba, na la Mwana", naye yuko mbele ya kamera na maneno asiyoweza kuyatamka.

Kwa hiyo, kabla ratiba haijaenda kuchapishwa, tazama majina ya watakaoomba. Wakiwa Wakristo wote, acha "kiekumene". Akiwemo Mwislamu au Mhindu, andika "maombi ya dini mbalimbali", na kila mmoja apewe zamu yake aombe kwa desturi yake, wengine wakinyamaza.