Falsafa si kauli mbiu

Hapa Dodoma kila mtu siku hizi ana falsafa. Kocha wa timu ya mtaa ana falsafa ya kushambulia, duka la vifaa vya ujenzi lina falsafa ya "mteja ni mfalme", na kwenye mahafali mgeni rasmi haketi kabla ya kutuachia falsafa yake ya maisha. Matokeo yake, kijana anaingia mwaka wa kwanza chuoni akidhani somo la falsafa ni kukariri misemo mizito ya watu wa kale.

Kwa kifupi, falsafa ni kuchunguza kwa hoja maswali ya msingi: kipi kipo kweli, tunajuaje tunachodai kukijua, tuishi vipi, hoja ipi inasimama na ipi inaanguka. Neno la kushika hapo ni hoja.

Chukua "dawa ya deni kulipa". Mkulima wa zabibu kule Hombolo akimwambia hivyo dalali anayemzungusha, amesema vizuri na ana haki ya kulipwa, lakini hapo bado hatujafika kwenye falsafa. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anasimulia mazungumzo ya mwalimu wake Socrates na mzee Cephalus, ambaye maneno yake yalionyesha kwamba haki ni kusema kweli na kurudisha cha mtu. Socrates akamuuliza: rafiki yako alikuachia silaha akiwa na akili timamu, leo amerukwa na akili anaidai, utampa? Mzee akakubali kwamba haifai. Basi kinachotufunga tulipe ni nini? Ni ahadi tuliyotoa, au ni kheri ya tunayemlipa? Ukianza kujibu, ukatoa sababu, mwenzako akaipinga nawe ukairekebisha, hapo ndipo umeanza falsafa.

Sisemi wazee wetu hawakuwa nayo, na anayesema hivyo simuungi mkono hata kidogo. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya aliyefariki mwaka 1995, aliwafuata wazee vijijini akazungumza nao kwa kina. Wapo aliowaona ni hodari wa kueleza mila ya jamii yao, na wapo waliothubutu kuihoji mila hiyo hiyo kwa akili zao wenyewe. Hao wa pili, wengine wakiwa hawajui kusoma wala kuandika, aliwaita wanafalsafa. Shule haikuwa kigezo.

Kwa kipimo hicho cha hoja, "Uhuru na Kazi" ya enzi za uhuru wa Tanganyika ilikuwa kauli mbiu. Maandishi ya Nyerere ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa ni kitu kingine: anatoa sababu, anazijenga juu ya maisha ya familia za Kiafrika, na wewe unaweza kumfuata hatua kwa hatua ukamwambia hapa sikubali.

Kwa hiyo, ndugu mgeni rasmi, "jitume bila kuchoka" ni wosia mzuri na vijana wauchukue. Uite wosia. Ukitaka kuuita falsafa, tueleze kwa nini, kisha umpe kipaza sauti mhitimu mmoja akuulize swali.