Eti bila saa ya mapigo unabahatisha tu?

Watu wengi bado wanaamini ukipiga baiskeli kwa mazoezi bila saa ya mapigo ya moyo au mita ya wati (kifaa cha kupima nguvu unayokanyagia pedali) basi unabahatisha tu ukali wa zoezi. Sio kweli. Tangu miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Borg, alikuwa anaonyesha kwamba mtu anaweza kuupa ukali wa zoezi namba kwa kujisikia tu, na namba hiyo ikaendana vizuri na mapigo, skeli yake inaanzia 6 (umetulia) hadi 20 (mwisho wa uwezo) na ilipangwa hivyo makusudi, ukizidisha kwa 10 unapata makadirio ya mapigo ya kijana mwenye afya, yaani 13 ni kama 130 hivi. Makadirio lakini, msiende kugombana nayo.

Na hiyo saa nayo ina vituko vyake: ukianza kupanda kilima mapigo yanachelewa kufuata, kwenye joto yanapanda hata kama nguvu unayotumia ni ileile. Pumzi inakwambia mapema. Unaongea sentensi nzima, uko mwepesi, yakitoka maneno matatu manne tu ushaingia kazini.

Hisia inadanganya zaidi dakika za mwanzo, miguu ikiwa fresh kila kitu kinaonekana rahisi, so anza chini kidogo ya unavyojisikia. Wanaoanza pia huchanganya mapaja kuungua na mwili mzima kuchoka, kumbe ni gia nzito tu, ilegeze kwanza ndo uhukumu.